Mgeni wetu wa kujitolea anataka kumsomesha binti yangu, ila anataka iwe siri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kilimanjaro upande wa milimani, kwenye kihamba tulichoachiwa na baba mkwe. Tuna kahawa kidogo, migomba na ng'ombe wawili wa zizini. Kila mwaka mwezi wa saba kijiji chetu hupokea kikundi cha watu wa kujitolea kutoka Ujerumani. Wanakaa wiki tatu majumbani mwetu. Asubuhi wanakwenda shule ya msingi kufanya kazi pamoja na mafundi na wazazi (mwaka huu walijenga vyoo vya wasichana), jioni tunakuwa nao nyumbani. Wanajifunza kupika, kuimba na kukata majani ya ng'ombe. Vijana wetu wa sekondari wanakaa nao kuulizana habari za huku na za kwao, na siku ya kuagana kuna ngoma na chakula uwanjani. Wenyewe wanaiita safari ya kubadilishana utamaduni. Naipenda, na siandiki kuilalamikia. Posho ya kumlisha na kumlaza mgeni ndiyo iliyotuwekea bati jipya.

Mwaka huu nilipangiwa mama wa makamo, mwalimu, hana mtoto. Si mtu wa kujikweza. Siku ya kwanza alitaka kunisaidia kumenya ndizi za mtori, utomvu ukamganda vidoleni mpaka kwenye pete. Binti yangu akachukua mafuta ya kupikia, akamsugua kidole kimoja kimoja huku akimtajia jina la kila kitu kilichomo jikoni. Tangu hapo hawakuachana. Binti yupo darasa la sita, ana akili nyepesi, na mgeni akawa anakaa naye na daftari kila jioni.

Usiku wa mwisho, baada ya ngoma, alituita mimi na mume wangu nje. Akasema anataka kumsomesha binti yetu shule ya bweni ya Kiingereza Arusha kuanzia Januari, ada inakaribia milioni nne kwa mwaka, na ataendelea naye mpaka chuo kikuu. Akikua aende akakae kwake Ujerumani mwaka mmoja ajifunze lugha. Aliyekuwa anatutafsiria maneno hayo ni mwanangu wa kwanza, yupo kidato cha pili shule ya kata.

Kisha akaomba tusiwaambie wenzake wala mratibu wetu. Kikundi chao kina kanuni kwamba mgeni haahidi wala hatoi msaada kwa familia moja. Kama ana cha kutoa kipitie kamati ya shule. Na sisi wenyeji tuliambiwa hivyo hivyo kikaoni, ofisi ya kijiji, na tukakubali wote. Mratibu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Ndiye aliyeipigania nyumba yetu iingie kwenye orodha.

Mume wangu anasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa tunaponywa, wewe unatafuta ugonjwa." Mama mkwe kasikia juu juu, anasema mtoto atachukuliwa na hatarudi. Binti mwenyewe ameshaanza kuwaaga wenzake. Mgeni anatuma ujumbe wa sauti karibu kila siku kwenye simu ya baba yake, anataka na picha, na binti ameanza kumwita mama. Shule inataka fomu na nusu ya ada kabla ya Novemba kwisha.

Kilichonifanya niandike ni huyu wa kwanza. Siku chache baada ya wageni kuondoka tulikuwa tunachuma kahawa, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, mimi hakuniona?" Sikuwa na jibu.

Nikikubali kimya kimya, namdanganya wifi yangu anayekuja kwangu kila Jumapili. Nikimwambia, huenda tukatolewa kwenye orodha, na mgeni akakasirika akaacha yote. Nikikataa, binti yangu atanilaumu mpaka nizeeke. Naogopa, na sijui vizuri naogopa nini. Nifanyeje?

Mama Mwenyeji, Kilimanjaro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuueleza wote bila kumpaka mtu matope.

Nikikuelewa vizuri, huna ugomvi na shule wala na mgeni. Kinachokukaba ni namna jambo lenyewe lilivyokuja: usiku, siku ya mwisho, na sharti la kunyamaza ndani ya ukoo ambao mratibu mwenyewe ni wa humo humo. Hapo hapo una mtoto mmoja anayeaga wenzake, mwingine aliyenyamaza, mume anayeona unachelewesha neema, na Novemba inakuja. Unasema hujui unaogopa nini. Mimi nadhani unajua, ila umeona aibu kuuogopa wema. Usione aibu. Mzazi anayeletewa jambo kubwa la mtoto wake ana haki ya kulipekua, hata kama limeletwa na mtu mwema.

Na kwa uliyoandika, mgeni wako naona ni mtu mwema. Mwalimu akikutana na mtoto mwenye hamu ya kusoma moyo wake huwaka, Ujerumani na hapa kwetu pia. Simtilii shaka kwa hilo. Ila mapenzi yake kwa binti yako, hata yakiwa ya kweli kabisa, yana wiki tatu, na ahadi aliyoitoa inakwenda miaka kumi na zaidi: sekondari yote, kidato cha tano na sita, chuo. Kati ya leo na huko kuna kustaafu, kuna maradhi, kuna mambo ya nyumbani kwake ambayo wewe huyajui na pengine yeye mwenyewe hajayaona. Je, alikuambia itakuwaje akishindwa katikati? Si kwa nia mbaya, kushindwa tu. Kama hamkuliongea, basi kilichopo mkononi kwa sasa ni nia njema, na mpango bado haujawekwa.

Nasema hivi kwa sababu barua za wazazi ambao mfadhili aliacha kujibu nimezipokea, na hasara ya ada siyo inayoniumiza zaidi. Mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula na sanduku lake, anapelekwa shule ya kata ambako wenzake walimuaga kwa shangwe, na kichwani mwake anatafuta kosa alilofanya. Pengine sikuandika vizuri. Pengine alama zangu zilimchosha. Mtu mzima anaelewa kwamba maisha ya mfadhili yamebadilika. Mtoto wa miaka 14 anaelewa kwamba ameachwa. Na binti yako, ambaye ameshaanza kusema "mama", ataelewa hivyo zaidi.

Sasa tuitazame kanuni. Wengi huidhania ni ya kuwabania wenyeji. Lakini fikiria mwakani, nyumba zote zikijua kwamba kwenu mgeni alimchukua mtoto akamsomesha. Watoto watasukumwa mbele ya wageni, wavalishwe, wafundishwe nyimbo, waambiwe wakae karibu na huyu na siyo yule. Mzazi asiyepata ataona kosa ni la mtoto wake. Mgeni naye, badala ya kuja kukaa na nyie, atakuja kuchagua. Nyie mmeupata udugu wa kula chungu kimoja na kuchimba msingi mmoja wa choo, na udugu wa namna hiyo hauvumilii kuchagua. Kwa hiyo wifi yako alipowasomea kanuni ile, alikuwa anamlinda hata huyo mwanao wa kwanza, bila kujua.

Hata hivyo sikuambii kanuni ya kikundi ni kubwa kuliko maisha ya binti yako. Kanuni hutungwa kwa ajili ya watu wengi, na mara nyingine hutokea mtu mmoja ambaye inafaa aangaliwe peke yake. Hilo lina njia yake: linasemwa waziwazi, linajadiliwa. Ningependa ujiulize kwa nini mgeni anataka siri. Inawezekana anaona haya mbele ya wenzake. Inawezekana aliwahi kuwaambia wakamkatalia. Inawezekana hajawaza kabisa siri hiyo itakukalia vipi wewe, anayekunywa chai na wifi yake kila Jumapili; yeye amepanda ndege, wewe umebaki nayo. Hapo unaweza kumsaidia kuona asichokiona.

Kuna mambo mawili uliyoyaandika kama yamekwisha thibitika, na mimi ningeomba uyaguse tena.

La kwanza ni kwamba ni Januari au basi. Binti yako anasoma kwa Kiswahili, na sasa yupo darasa la sita. Shule za Kiingereza huwafanyia watoto usaili, na wengi wanaotoka shule zetu hurudishwa darasa moja au mawili nyuma ili washike lugha. Mtoto aliyezoea kuwa wa mbele anajikuta wa mwisho, mbali na mama yake, bwenini. Wapo wanaovuka vizuri kabisa, na wapo wanaonyauka. Lakini akimaliza darasa la saba hapo alipo, kidato cha kwanza karibu masomo yote ni kwa Kiingereza kila mahali, shule za serikali na za binafsi, na wengi wa shule zetu wanaanza upya pamoja. Huo nao ni mlango. Katikati hapo mgeni, kama mwalimu, anaweza kumsaidia Kiingereza kwa vitabu na hata kwa simu, kwa gharama ndogo sana, na nyie mkapata muda wa kuona kama mapenzi yake yanadumu baada ya picha za safari kusahaulika.

La pili ni kwamba bila yeye mtoto hatasoma. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikaingizwa. Najua, na wewe unajua, kwamba sare, madaftari, chakula cha shule na nauli bado vinakaba. Sikuambii shule ya kata ni sawa na hiyo ya Arusha. Nasema tu kwamba mwanao wa kwanza yupo huko, na kila unaposema kwamba binti akibaki atapotea, yeye anasikia habari zake mwenyewe.

Njia ulizonazo ni zaidi ya zile tatu ulizoandika. Unaweza kukubali kama ilivyo, kimya kimya. Utapata ada ya Januari na amani ya mumeo, na utaishi ukihesabu maneno mbele ya wifi. Siri yenyewe haitadumu, maana mtoto hawezi kuondoka kijijini kwenda bweni la milioni nne watu wasiulize nani analipa. Wifi akiisikia sokoni kabla hajaisikia kwako, mambo ya orodha ya nyumba yatakuwa madogo. Kubwa litakuwa kati ya kaka na dada. Unaweza pia kukataa kwa shukrani. Hapo itabidi binti yako aelezwe na nyinyi wawili, baba na mama mkiwa mmeketi pamoja, asije akabeba moyoni kwamba ni mama peke yake aliyefunga mlango. Atalia. Atakulaumu kwa muda, na huenda lawama nyingine ikabaki.

Kati ya hizo mbili kuna ya kumrudia mgeni na kumwomba msaada ubadilishwe sura. Hii ndiyo ndefu, inataka ujasiri, na inaweza kushindikana pia. Anaweza kusubiri hadi kidato cha kwanza. Anaweza kuweka ada ya mwaka mzima mbele, badala ya kila muhula kungoja. Pesa ziende moja kwa moja shuleni, risiti ije kwenu na kwake, ili asije mtu akasema mmezila, na mume wako asipate majaribu mwaka ambao kahawa imeshuka bei. Anaweza kusaidia kidogo watoto wote watatu kuliko sana mmoja. Na anaweza kupitia kamati ya shule, apate binti yako na wengine wa darasa lake. Labda hilo litampunguzia furaha ya kusema "huyu ni wangu", na utajua kwa jibu lake furaha hiyo ilikuwa na uzito gani. Mkikubaliana, kila kitu kiandikwe, na karatasi zitunzwe vizuri. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humtaka mwombaji aliyesomeshwa na mfadhili alete uthibitisho wa ufadhili. Mtoto wa mkulima aliyepita shule ya ghali, asipokuwa na karatasi hizo, anaweza kuonekana ana uwezo wa kujilipia chuo.

Kuhusu hofu ya mama mkwe: usiipuuze, wala isikulaze macho. Kulipiwa ada hakumfanyi mtu kuwa mzazi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu wa nchi nyingine hata kuomba kumwasili mtoto wa Tanzania, yaani kumfanya wake kisheria, lazima kwanza awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Ikiletwa karatasi yoyote ya ulezi au ya kusafiri, msiweke saini kabla ya kuionyesha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na kama ndoto ni siku moja binti aione Ujerumani, zipo njia za wazi. Serikali ya kule ina mpango uitwao weltwärts, ulianza 2008 kwa kupeleka vijana wao nchi kama yetu, na tangu 2013 unawapokea vijana wa huku nao, waliotimiza miaka 18, wakajitolee kwao. Ingenifurahisha sana binti yako akienda hivyo, akiwa mtu mzima, mgeni mwenye kazi yake, kama walivyokuja wao kwenu.

Jambo moja naliomba lianze leo, bila kungoja uamuzi. Ujumbe wote upite kwako au kwa baba yake, mkiwepo, na picha zipungue. Simtuhumu mgeni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa mtu mzima yeyote na mtoto wa mwingine, na yeye kama mwalimu atakuelewa haraka. Neno "mama" nalo lizungumze na binti, kwa upole. Anaweza kumpenda sana mgeni wake na kumwita shangazi.

Mumeo usimwendee na hukumu. Mwanaume aliyeshindwa kumlipia mtoto shule anayoitamani, akaletewa mlipaji mlangoni, anasikia kila swali lako kama unamnyang'anya. Muulize yeye angejisikiaje dada yake akiyajua haya kwa watu. Muulize mtafanya nini mwaka wa tatu pesa zisipokuja. Ukimwachia nafasi ya kujibu, huenda naye ana hofu ambazo hajazitamka kwa sababu wewe umeshika za kwako kwa nguvu. Mkikubaliana, wifi aende kuambiwa na kaka yake. Wewe unaona atawatoa kwenye orodha. Pengine. Pengine pia ameshakutana na jambo hili kwa nyumba nyingine, na anajua namna ya kulipeleka kwa viongozi wa kikundi pasipo mtu kuaibika. Unamfahamu kuliko mimi.

Kwa mgeni ningeandika kifupi. Kitu kama hiki: "Dada, tumepokea nia yako kwa moyo wote. Binti yetu anakukumbuka kila siku. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo, na mratibu ni dada yetu, hatuwezi kumficha. Tunaomba tuliongee pamoja naye, na tukuulize mambo machache kuhusu miaka ijayo." Msome jibu lake taratibu, zaidi ya mara moja. Akikubali kuulizwa, mtakuwa na mtu wa kupanga naye, iwe kwa shule hiyo au kwa kitu kingine. Akikasirika, itauma, ila mtakuwa mmejua kabla mtoto hajaingia bwenini.

Nimeacha la mwanao wa kwanza mpaka hapa kwa sababu halitegemei mgeni atasema nini. Kijana yule alisimama gizani akatafsiri bahati ya mdogo wake neno kwa neno, na hakupunguza kitu. Kiingereza alichotumia amekipata shule ya kata. Swali lake la shambani bado linasubiri, na hakuwa anamuuliza mgeni, alikuwa anakuuliza wewe. Mtafute mkiwa wawili tena, kahawani au zizini, umwambie ulichokiona usiku ule alipokuwa anatafsiri. Muulize anataka kuwa nani. Kidato cha pili ana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka. Muulize anahitaji nini ajiandae, taa, kitabu, au kupunguziwa zamu ya majani. Hilo mnaweza kulifanya wiki hii, kwa mkono wenu wenyewe.

Niandikie tena baada ya kuongea na baba yao, hata kama hamkuelewana.